Kusafiri mtoni kwa boti ya injini ukiwa na mbwa

Baharini nchi kavu huwa mbali, na mbwa hana pa kurukia. Mtoni ukingo uko hapo hapo: majani yananukia, ndege wanaruka kutoka kwenye matete, mbwa mwingine anabweka ng'ambo. Machoni pa mbwa, maji yaliyo kati ya boti na ukingo ni upenyo mdogo tu wa kuruka. Hatari kubwa ya safari ya mtoni inazaliwa hapo. Boti inakaribia gati, injini bado inanguruma, mbwa anaruka kabla ya wakati, anatumbukia kati ya boti na gati au jirani na propela.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kununua. Unaanza na adabu ya kupanda na kushuka. Mbwa mwenye adabu hiyo anaweza kusafiri salama kwenye boti ya kawaida kabisa, na asiye nayo hata boti ya kifahari haitamfaa.

Hatua ya 1: Mfundishe neno la ruhusa

Chagua neno moja ambalo halimfikii kila mara nyumbani. "Haya" halifai, tunalisema mara mia kwa siku. "Shuka" linafaa. Anzia mlangoni kwako: mlango wazi, mbwa amekaa, hatoki mpaka asikie neno. Akitoka bila ruhusa, mrudishe kwa upole, mwanze upya. Akishaelewa mlangoni, hamia kwenye boti iliyofungwa gatini, injini ikiwa imezimwa.

Utaratibu uwe uleule kila mara. Binadamu hushuka kwanza. Kamba zinafungwa. Injini inazimwa. Unaangalia gati lina nini: ndoana, vioo, mbwa wa watu. Ndipo unasema neno. Wote walio botini wakubaliane na hili, hasa watoto, kwa sababu mtoto mmoja akisimama gatini na kumwita mbwa kwa furaha, mafunzo ya wiki nzima yanavunjika.

Neno la pili ni la kumweka mahali pake. Mletee mkeka au blanketi alilozoea nyumbani, lenye harufu yake, na umfundishe kulala juu yake hata watu wanapopita huku na huko. Siku ya kwanza anusanuse boti na kula chakula chake humo, basi. Siku nyingine washa injini bila kuondoka, azoee mngurumo na mtetemo. Kisha mzunguko mfupi karibu na gati. Akipiga miayo mfululizo, akitoa mate mengi, akijilamba midomo au kutetemeka, bado ana hofu au kichefuchefu, na safari isirefushwe mpaka dalili hizo zipungue. Mbwa aliyetishwa siku ya kwanza atakusumbua kupanda boti msimu mzima.

Kwa kupanda, tumia ubao mpana wenye uso usioteleza. Mbwa mdogo unaweza kumbeba. Mbwa mzito usijaribu, kwani nyote wawili mtaishia majini.

Hatua ya 2: Jaketi la uokozi

Nalisisitiza hata kwa mbwa anayejua kuogelea. Mkondo, maji baridi na kingo zilizosimama wima humchosha muogeleaji hodari. Mbwa wa kifua kizito na miguu mifupi, kama bulldog, pug na dachshund, huweza kuzama haraka sana.

Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, umpime na uzito, ndipo uchague saizi. Kitu cha lazima kuliko vyote ni mshikio imara mgongoni. Mbwa aliyelowa huteleza mikononi, na ukimvuta kwa mkanda wa shingo unamkaba. Mvalishe jaketi nchi kavu, umwinue kidogo kwa mshikio: likisogea, likimbana kwapani au likipanda shingoni, halijamkaa. Vidole viwili viweze kupita chini ya mikanda. Rangi iwe ya machungwa au njano. Kijani, buluu na nyeusi hupotea majini jioni.

Avae tangu kamba zinapofunguliwa mpaka zinapofungwa tena. Mkishatia gati, mvue apumue, maana jaketi lina joto.

Kosa moja la kuepuka: kumfunga mbwa kwa kamba kwenye boti inayotembea. Watu hufanya hivyo kwa huruma, ili asianguke. Akianguka amefungwa, ataning'inia ubavuni, ataburutwa, au kamba itamvuta kuelekea kwenye propela. Kama hatulii, mweke ndani ya kabini na ufunge mlango.

Hatua ya 3: Mahali pake ndani ya boti

Omo, yaani mbele ya boti, si mahali pa mbwa, ingawa yeye hupapenda kwa sababu ya upepo na harufu. Anayeanguka kutoka omo anaangukia mbele ya chombo kinachomjia, na propela iko nyuma yake ikisubiri.

Tezi, yaani nyuma ya boti, nako kuna hatari isiyoonekana. Moshi wa injini hutokea huko, na boti inapotembea hewa huzunguka nyuma yake na kuurudisha ndani. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mbwa aliyelala karibu na tundu la moshi anaweza kulegea ukidhani ana usingizi. Akiyumba, akitapika au akawa mgumu kuamsha, mpeleke kwenye hewa safi mara moja, zima injini, tafuta daktari wa mifugo. Kifaa cha kutoa king'ora cha gesi hiyo ndani ya kabini kinawalinda binadamu na mbwa kwa pamoja.

Mahali pazuri ni sakafuni karibu na mshika usukani, nyuma ya kioo cha upepo, penye kivuli na pasipopitiwa na kamba. Sakafu ya boti huteleza, kwa hiyo tandika zulia la mpira, kisha umkate kucha zake. Juani, weka mgongo wa kiganja chako sakafuni kwa sekunde 7. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi.

Wakati wa kujaza mafuta mbwa awe nchi kavu na mtu wa kumshika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Boti yenye injini ya petroli ndani, endesha feni ya kutolea hewa angalau dakika 4 kabla ya kuwasha. Futa mafuta yoyote yaliyomwagika kabla mbwa hajarudi, kwa sababu atayakanyaga kisha ajilambe nyayo.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kumfuata yeye

Uzuri wa mto ni kwamba unaweza kusimama. Tumia nafasi hiyo. Kwa mbwa mzima, saa tatu bila kushuka zinatosha. Kwa mtoto wa mbwa na mbwa mzee, punguza.

Hesabu muda, usihesabu kilomita. Tuseme boti yako inakwenda kilomita 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na mkondo una kasi ya kilomita 4 kwa saa. Ukishuka na mto utakwenda 14, ukipanda utakwenda 6. Kipande cha kilomita 24 kinachokwisha kwa chini ya saa mbili ukishuka, kitakuchukua saa nne kamili ukipanda. Siku ya kupanda mto ndiyo siku ya kutafuta kituo cha katikati mapema kwenye ramani.

Kwenye ramani hiyo angalia kona za mto. Upande wa nje wa kona maji huwa na kina na kasi, na ukingo huliwa kwa chini mpaka ukawa ukuta, pengine wenye pango. Mbwa akitumbukia hapo hana pa kutokea. Upande wa ndani mkondo hupungua, mchanga hutuama na ukingo hupanda taratibu. Huko ndiko mbwa anashuka na kupanda kwa miguu yake, ila angalia usikwamishe boti kwenye fungu la mchanga.

Kuhusu haja: wapo mbwa wanaoweza kufundishwa kujisaidia kwenye kipande cha zulia la nyasi bandia, ukianza nyumbani na kukiweka bila kukiosha sana mwanzoni ili harufu imkumbushe. Ni akiba nzuri siku ya foleni au dhoruba. Kinyesi kikusanye kwenye mfuko, usikitupe mtoni.

Chakula apewe muda wa saa tatu hivi kabla ya kuondoka, kiasi kidogo. Mbwa anayetapika kila safari aonwe na daktari wa mifugo, kwani dawa ya kichefuchefu ya mbwa ipo. Usimpe dawa zako za maumivu wala za kichefuchefu. Ibuprofeni na parasetamoli humdhuru mbwa vibaya.

Hatua ya 5: Kutia gati

Elekeza omo dhidi ya mkondo, hata kama ulikuwa unashuka na mto na itakubidi ugeuze boti. Maji yanayokuja mbele yanakupunguzia kasi na kukupa uwezo wa kuitawala boti kwa taratibu. Mtaning'iniza dafrao, yaani vikinga vya ubavu wa boti, na kuandaa kamba mapema, mbwa akiwa mkekani. Kwenye dakika hizi kila mtu ana kamba mkononi na macho pembeni. Mbwa anayezungukazunguka miguuni humwangusha mtu.

Mkiwa mmefunga kwenye mto wa meli kubwa, usimwache mbwa achezee ukingoni pa maji. Meli ya mizigo au msururu wa matishari unapopita, maji huvutwa kwanza kutoka ukingoni, ufuo unabaki wazi kwa muda, kisha wimbi hurudi kwa nguvu. Mbwa aliyefuata maji yaliyorudi nyuma anakumbwa. Ukiona maji yanakimbia ukingo, mwite papo hapo.

Na kama mto una mamba au viboko, kila kitu kuhusu kuogelea na kuchezea ukingoni kinafutika. Mshike kwa kamba fupi, shukeni mchana tu, mahali palipo wazi, mbali na matete, wala usimpeleke kunywa ukingoni.

Hatua ya 6: Kupita kwenye malango ya maji

Mito mingi iliyotengenezwa kwa usafiri ina vyumba vyenye malango mawili. Boti inaingia, lango linafungwa, maji yanajazwa au kutolewa mpaka usawa ulingane na upande wa pili. Kwa mbwa hapa ni pabaya: kelele, kuta ndefu zenye utelezi, maji yanayotibuka, na hakuna ukingo wa kupanda.

Ajisaidie kabla ya kuingia, kisha akae kabini, mlango umefungwa. Kamba za boti zishikwe mkononi au zizungushwe ili ziachiliwe kadiri maji yanavyoshuka. Ukizifunga moja kwa moja, boti itaning'inia. Kazi hiyo inahitaji mikono yote, na ndiyo sababu hakuna wa kumshika mbwa. Usimwache mbwa na mtu aliyesimama juu ya ukuta, kwa matumaini ya kumchukua upande wa pili, kama mbwa hajatulia kabisa.

Hatua ya 7: Akianguka majini

Jambo hili lizoezwe kabla ya kuhitajika. Jaza chupa maji nusu, zifunge ndani ya jaketi lake, litupe majini mahali patulivu, mkaliokoe. Rudieni mpaka kila mmoja ajue kazi yake.

Anayemwona anapiga kelele na kumnyooshea kidole, na hamwondolei macho hata nukta moja. Mshika usukani anaweka gia huru papo hapo na kuelekeza omo upande ule ule alikoangukia, ili tezi na propela viende mbali naye. Usirudi nyuma kwa injini, hata kama yuko karibu kiasi gani.

Sasa pumua. Mkondo unawabeba nyote wawili, boti na mbwa, kwa kasi inayokaribiana. Muda upo, ila chunga upepo usiisukume boti juu yake. Zunguka umpite, mfikie kutoka chini ya mto omo ikielekea juu, maana hapo boti inatii kwa mwendo mdogo. Mkibaki mita chache, zima injini kabisa. Gia huru haitoshi, kwani mkono ukigusa gia kwa bahati mbaya propela inazunguka. Mwite kwa sauti ya kawaida, mnyakue kwa mshikio wa jaketi, ukitumia upondo wenye kulabu kama mkono haufiki, na umpandishe ubavuni. Tezi usimpitishe.

Usiruke kumfuata. Na kama ameshaelekea ukingoni, mwache afike, kisha mkamchukue huko. Mbwa wengi huchagua nchi kavu iliyo karibu, na kumwita arudi kwenye boti ni kumrudisha kwenye mkondo.

Pako mahali pawili pa kuogopa. Miti iliyoanguka mtoni hupitisha maji na kunasa miili kwenye matawi. Na chini ya kuta zilizojengwa kukatiza mto, maji huzunguka na kurudi yalikotoka, yakishikilia chochote kilichomo. Boti nazo hunaswa hapo. Ukijua yapo mbele, mbwa awe kabini kabla hujayafikia.

Akitoka, mkaushe, mfunike, mpashe joto polepole. Kutetemeka ni dalili ya baridi, lakini aliyeacha kutetemeka huku angali baridi na amelegea yuko katika hatari kubwa zaidi. Hata akionekana mzima, mwangalie siku nzima: akikohoa au kupumua kwa haraka, huenda maji yameingia mapafuni na anahitaji daktari.

Kama hapumui, mlaze ubavu, toa uchafu mdomoni, fumba mdomo wake na umpulizie puani mpaka kifua kinyanyuke, mara mbili. Asipoamka, kandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kila mkandamizo ukiingia kati ya theluthi na nusu ya upana wa kifua, kisha pumzi mbili tena. Endelea huku mwenzako akipeleka boti kwenye msaada.

Hatua ya 8: Maji ya mto, kunywa na kuogelea

Beba maji safi ya kunywa, kiasi cha mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja au zaidi kidogo, na siku ya joto kali weka mara mbili.

Maji ya mto yana mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni sianobakteria, ule utando wa kijani au kijani-buluu unaofanana na rangi iliyomwagwa, unaotokea kwenye maji yaliyotuama baada ya siku za joto. Baadhi hutoa sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya saa chache, na haina dawa ya kuipinga. Hahitaji hata kuinywa, kwani akilowa hujilamba manyoya. Ukiona utando, asishuke. Akishaingia, msuuze kwa maji safi kabla hajajilamba, na akianza kutapika, kutoa mate, kuyumba au kupata degedege, nenda kwa daktari bila kungoja.

La pili ni homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine, na huishi kwenye maji na matope, hasa baada ya mafuriko. Chanjo ipo, hutolewa mara mbili mwanzoni kisha kila mwaka. Mpatie, kwa sababu mbwa mgonjwa anaweza kukuambukiza na wewe.

Akiogelea, injini iwe imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Mchezo wa kurudisha fimbo ukatishwe kila baada ya dakika 10. Mbwa anayefungua mdomo majini mara nyingi humeza maji mengi kupita kiasi, chumvi ya damu inashuka, anavimba tumbo, anayumba na kutapika. Ni dharura, ingawa wengi hudhani amechoka tu.

Joto

Upepo wa mtoni hudanganya. Wewe unaona kuna baridi nzuri, mbwa kule sakafuni hapati upepo. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likipita 40 anza kumpoza, likifika 41 maisha yake yako hatarini. Dalili ni kuhema kwa nguvu bila kutulia, ufizi mwekundu sana, mate mazito, kupepesuka. Mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima na umpepee. Taulo lililolowa usimfunike likabaki, maana linapata joto na kulihifadhi. Mbwa wa pua fupi wasafiri asubuhi na jioni tu.

Karatasi

Mito huvuka mipaka. Danube peke yake hupita katika nchi 10, ambazo si zote ziko ndani ya Umoja wa Ulaya. Kusafiri kati ya nchi za Umoja huo mbwa anatakiwa kuwa na chipu, pasi yake, na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotimiza siku 21 baada ya dozi ya kwanza. Ufini, Ireland, Malta na Norwe huongeza dawa ya minyoo ya tegu, itolewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Kwingineko masharti hutofautiana, kwa hiyo uliza kila nchi iliyo njiani miezi kadhaa kabla, kwa kuwa vipimo vingine vya damu huhitaji kungoja muda mrefu.

Kila jioni

Mtembeze kabla giza halijaingia, kwa kamba. Mkirudi, kagua kupe kwapani, masikioni na kati ya vidole, kisha mkaushe masikio kama aliogelea. Ndoana ikimchoma, usiivute kinyumenyume: kijino cha ndoana kinachana nyama. Ikiwa juu juu, isukume mbele mpaka ncha itokeze, ikate kwa koleo, ndipo utoe kijiti. Ikiwa mdomoni au karibu na jicho, mwachie daktari.

Usiku funga mlango wa kabini au weka wavu kwenye reli, na mkanda wake wa shingo uwe na kitambulisho chenye namba ya simu unayosafiri nayo. Kisha, kabla ya kulala, tafuta daktari wa mifugo aliye karibu na kipande cha mto cha kesho, andika jina la mji, namba yake na gati la karibu naye kwenye karatasi, uibandike karibu na usukani mahali ambapo hata mgeni wa botini ataiona.